Melissa Hortman na hesabu ya kura 68

Tarehe 9 Juni 2025, ubao wa kura wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota ulionyesha ndiyo 68, hapana 65. Muswada uliokuwa mezani ulihusu kuwaondoa watu wazima wasio na vibali vya uhamiaji kwenye MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo. Warepublican wote 67 waliuunga mkono. Kura ya 68, ile iliyoupitisha, ilitoka kambi ya pili, ya Democratic, na aliyeipiga alikuwa kiongozi wa kambi hiyo, Melissa Hortman. Miaka miwili nyuma, akiwa Spika, yeye ndiye aliyeliongoza Baraza lililowaingiza watu haohao kwenye bima. Siku tano baada ya kura hiyo aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Brooklyn Park, pamoja na mumewe Mark.

Mauaji yale yamefunika kazi yake. Ukitafuta habari zake leo unakutana na majeneza ndani ya jengo la Bunge, chombo chenye majivu ya mbwa wao Gilbert kikiwa hapohapo, na vigogo wa kitaifa kwenye misa ya mazishi Minneapolis. Ni haki yake, na ni mwanamke wa kwanza kupewa heshima ya mwili wake kuwekwa katika jengo lile. Lakini alikaa bungeni miaka 20, sita kati ya hiyo akiwa Spika, na anayetaka kujua mbunge wa jimbo nchini Marekani hasa hufanya nini hatapata mfano mzuri kuliko wake.

Sisi tunaofuatilia siasa za Marekani kutoka huku huishia Washington. Tunamjua Rais, tunawajua maseneta watano sita wenye kelele, tunabishana kuhusu Mahakama ya Juu. Majimbo yote 50 kwa pamoja yana wabunge zaidi ya 7,300, na wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja. Ndio wanaoamua mtoto ale nini shuleni, nani apewe leseni ya udereva, mfungwa aliyetoka apige kura au asipige, mwajiri amlipe au asimlipe mama aliyejifungua. Muuguzi Mkenya anayeishi vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, na wako wengi, huguswa na maamuzi ya St. Paul, makao makuu ya jimbo, kabla hajaguswa na ya Washington. Novemba 2024 mzaliwa wa Kenya, Huldah Momanyi Hiltsley, alichaguliwa kuingia Baraza hilohilo kwa eneo la 38A, linalogusa Brooklyn Park. Huko nyumbani ilishangiliwa siku mbili tatu, kisha kimya, kana kwamba kuapishwa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Mambo machache ya utaratibu, maana bila hayo hesabu haieleweki. Baraza la Wawakilishi la Minnesota lina viti 134, Seneti viti 67. Mwakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo hata hajamaliza kuzoea kiti anaanza tena kugonga milango ya wapiga kura. Mshahara wake ni dola 51,750 kwa mwaka. Waheshimiwa wa kwetu wangedhani ni posho. Muswada hautoki Barazani bila kura 68 za ndiyo, idadi ambayo ni zaidi ya nusu ya viti vyote, hata ukumbi ukiwa na watu wachache. Aliyebaki nyumbani na homa amesaidia upande wa hapana.

Halafu kuna Spika. Msomaji wa Kenya anamjua Spika kama mwamuzi, mtu ambaye si mbunge wa eneo lolote na hana kura. Wa Minnesota ni jemadari wa walio wengi. Ana eneo lake la uchaguzi, anapiga kura kama wenzake, ana sauti kuu juu ya nani aongoze kamati gani, na ndiye mwenye kauli muswada upi ufike ukumbini na upi uozee kwenye kabati. Jina ni moja, kazi ni mbili tofauti.

Hortman hakufika hapo kwa mteremko. Alizaliwa 1970 kaskazini mwa Minneapolis, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Minnesota, akagombea ubunge 1998 akashindwa, akagombea 2002 akashindwa tena. Mara ya tatu, 2004, alipita. Ukihesabu na huo, alishinda chaguzi 11 mfululizo. Hakuwahi kugombea ugavana wala Bunge la Marekani, ingawa watu wengi wenye sifa pungufu ya zake wamejaribu. Kwetu ubunge mara nyingi ni ngazi ya kuelekea uwaziri, na mbunge aliyekaa vipindi vitano bila uteuzi huonekana amedumaa. Yeye alikaa mahali pamoja akajifunza jengo lile mpaka akalijua kuliko waliokuwa wakipita njia.

Miaka ya mwanzo haina mengi ya kusimulia. 2013 alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya umeme wa jua ambayo iliruhusu mtu asiye na paa lake, mpangaji kwa mfano, kununua sehemu ya shamba la paneli za jua na kupunguziwa bili ya umeme. Ni sheria yenye vifungu vya kuchosha, ya kampuni za umeme na viwango vya bei, na hakuna mtu aliyewahi kupata umaarufu kwa vitu hivyo. Mpango huo baadaye ukawa mmoja wa mikubwa ya aina yake Marekani.

Wengi walimsikia kwa mara ya kwanza Aprili 2017. Wakati huo alikuwa kiongozi wa walio wachache. Ukumbini ulijadiliwa muswada wa kuongeza adhabu kwa waandamanaji, na wabunge wanawake, kadhaa wao weusi na wenye asili nyingine zisizo za kizungu, walikuwa wakisimama mmoja mmoja kuzungumza. Viti vilikuwa wazi. Hortman akachukua kipaza sauti akaomba wabunge wote waitwe warudi ndani, akasema anasikitika kukatiza mchezo wa karata wa wanaume wazungu watupu kwenye chumba cha mapumziko, ila mjadala huu ni muhimu. Zogo likazuka. Mbunge mmoja wa Republican akamtaka aombe radhi. Alijibu kwamba hana cha kujutia. Karata zenyewe sidhani zilikuwa tatizo. Aliona wenzake wanazungumza na viti, na kanuni ilimpa uwezo wa kuvijaza viti, akaitumia.

Uchaguzi wa 2018 ukaipa kambi yake viti 75, na Januari 2019 akawa Spika. Kambi hiyo inaitwa DFL, Democratic-Farmer-Labor, jina lililotokana na muungano wa mwaka 1944 kati ya chama cha Democratic na chama cha wakulima na wafanyakazi cha jimbo hilo. Kwa miaka minne Seneti ilikuwa mikononi mwa Republican. Mengi aliyopitisha upande huu yalikwama upande wa pili. Nafikiri hiyo miaka minne ya kukwama ndiyo iliyozaa 2023, kwa sababu miswada haikutupwa. Ilikaa kwenye foleni, imeshaandikwa, imeshahojiwa kwenye kamati, inasubiri Seneti igeuke.

Seneti iligeuka kwa kiti kimoja. Novemba 2022 DFL walipata 34 kwa 33 huko, na 70 kwa 64 Barazani. Gavana Tim Walz alikuwa wao tayari. Na hazina ilikuwa na ziada ya takriban dola bilioni 17.5.

Mtu mwoga angefanya nini na wingi wa kiti kimoja? Angejipa mambo mawili ya salama, mengine angeyaahirisha mpaka baada ya uchaguzi, na angewaambia wanaharakati kwamba wakati bado. Hortman na mwenzake wa Senetini, Kari Dziedzic, ambaye mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani akaendelea kuongoza, walifanya kinyume chake. Januari 31, 2023 haki ya kutoa mimba ikawekwa kwenye sheria za jimbo. Februari ikapita sheria ya kutaka umeme wote utokane na vyanzo visivyo na kaboni ifikapo 2040. Machi zaidi ya watu 50,000 waliotoka gerezani wakiwa bado chini ya uangalizi walirudishiwa kura yao, wahamiaji wasio na vibali wakaruhusiwa kupata leseni za udereva, na ikapita sheria ya kuwapa watoto wote wa shule kifungua kinywa na chakula cha mchana bila kulipa, wa tajiri na wa maskini. Mei ikaja likizo yenye malipo kwa mgonjwa na kwa mzazi, hadi wiki 20 kwa mwaka ukijumlisha zote mbili, na bangi ikahalalishwa. Kwenye mkupuo huo pia kulikuwa na ruzuku ya kodi ya hadi dola 1,750 kwa mtoto wa familia yenye kipato kidogo, na kile kipengele cha MinnesotaCare kwa wasio na vibali.

Unaweza usipende hata kimoja kati ya hivyo. Mimi mwenyewe chakula cha shule kwa wote nakiona ni akili kubwa, bangi sina haraka nayo. Linalohitaji kuangaliwa ni ufundi. Senetini hakukuwa na kura hata moja ya akiba: seneta mmoja akinuna, muswada umekufa. Barazani Hortman alikuwa na mbili za kupoteza. Katika hali hiyo kila mbunge anajiona mfalme, kila mmoja anajua bei yake imepanda. Kazi ya Spika ni kujua kabla ya wiki ya mwisho nani anahofia wapiga kura wake kuhusu bangi, nani kuhusu bunduki, nani anataka daraja kwenye eneo lake, na kupanga miswada ili asimwombe mtu mmoja kujitoa mhanga mara tatu kwa mwezi. Kazi hiyo haionekani kwenye kamera. Haina hotuba. Mwandishi wa habari hawezi kuipiga picha, na ndiyo maana wabunge wengi hawaifanyi.

Bei yake ilikuja baadaye. Ziada ilitumika karibu yote, chakula cha shule kikagharimu kuliko makadirio ya awali, na wataalamu wa bajeti wa jimbo wakaanza kuonya kuhusu nakisi ya mabilioni miaka ya mbele. Warepublican waliimba wimbo huo kampeni nzima ya 2024. DFL walipoteza viti vitatu. Vitatu tu, lakini 70 ukitoa tatu ni 67, na upande wa pili ukawa 67.

Sare ilizaa vurugu mara moja. Mshindi mmoja wa DFL alipoteza kiti mahakamani kwa kutokuwa mkazi halali wa eneo lake, hivyo Januari 2025 Warepublican wakawa 67 kwa 66 na kutaka kumchagua Spika wao. Hortman aliwaondoa wabunge wake wote. Hawakuingia ukumbini kwa zaidi ya wiki tatu, na wenzao walipojaribu kuendesha kikao bila wao, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni 68. Warepublican walikuwa na 67. Mwanzoni mwa Februari wakakubaliana: Lisa Demuth wa Republican awe Spika kwa miaka miwili, kamati karibu zote zigawanywe nusu kwa nusu kiti kile kitakapojazwa. Kuna waliomwita Hortman mgomaji anayekula mshahara bila kazi. Shutuma hiyo ina uzito, maana mwalimu akigoma wiki tatu hulipwa kwa maneno makali. Ila asingegoma, wenye 67 wangeendesha Baraza kama wenye 80.

Tukubaliane kwamba yote hayo yalikuwa maandalizi ya bajeti. Kikao cha kawaida kilifungwa Mei bajeti haijaisha. Bila bajeti mpya ifikapo Julai 1, sehemu ya serikali ya jimbo ingefungwa na watumishi kurudishwa nyumbani. Wanne walikaa mezani: Gavana Walz, Hortman, Demuth, na Erin Murphy aliyeongoza DFL Senetini. Mkono mtupu haulambwi, na Warepublican waliweka wazi wanachotaka kulambishwa: watu wazima wasio na vibali watoke kwenye bima, watoto wabaki. Siku makubaliano yalipotangazwa, Mei 15, wabunge wa kundi la weusi na wenye asili nyingine ndani ya DFL walisimama nje ya chumba cha gavana wakigonga mlango kwa ngumi wakati viongozi wao wakiwa ndani wanazungumza na waandishi. Hao hawakuwa wapinzani. Walikuwa wabunge wa Hortman.

Sasa nani apige kura ya 68? Makubaliano yalihitaji mtu mmoja wa DFL. Hapa ndipo unapomjua mtu. Kiongozi wa kawaida hutafuta mbunge mgeni, au anayestaafu, au mwenye deni la fadhila, akamwambia ni zamu yake kubeba zigo. Hortman aliipiga mwenyewe. Hakuna mwingine wa kambi yake Barazani aliyelazimika kurudi nyumbani kueleza kura hiyo. Baadaye aliongea na waandishi huku akilia, akakiri kwamba kuna watu watakaoumia kwa sababu yake, na akasema hiyo ndiyo kazi ya kiongozi.

Alipokufa siku tano baadaye kwa mkono wa mtu aliyevaa kama polisi, ambaye usiku huohuo alikuwa ameshamjeruhi Seneta John Hoffman na mkewe, mitandaoni ulienezwa uzushi kwamba ameuawa na watu wa upande wake kwa hasira ya kura ile. Upelelezi ulionyesha kingine kabisa: mshukiwa alikuwa na orodha ya majina mengi, na wanasiasa waliokuwemo wengi wao ni wa chama cha Democratic. Uzushi ule ulisambazwa hata na watu wenye vyeo. Tuliache hapo. Kiti chake kilijazwa Septemba 16, 2025 na Xp Lee, wa chama hichohicho.

Ninaposoma tanzia zake naona kura ya Juni 9 imegeuzwa kuwa ishara ya uungwana wa kisiasa, mama aliyejitoa ili serikali isifungwe. Nusu ya hilo nakubaliana nalo. Kumkinga mwenzako dhidi ya kura mbaya ni uongozi, na nimeona viongozi wachache sana, wa huku na wa huko, wakifanya hivyo bila kamera kuwataka. Lakini kuna nusu nyingine. Aliyekosa dawa ya kisukari hakukaa kwenye meza ile. Sheria ya likizo yenye malipo, ambayo Warepublican walitaka kuichelewesha, iliokolewa karibu yote, na ilipangwa kuanza Januari 1, 2026. Tarehe hiyohiyo ndiyo bima ya wale watu wazima ilipangwa kukoma. Sheria zote mbili ni za 2023, zote mbili ni za Hortman. Iliyobaki ni ile ya wenye kura.

Watetezi wake husema hapakuwa na njia nyingine, kwamba bei ilishapangwa Novemba 2024 vile viti vitatu vilipopotea. Inawezekana. Lakini Republican walikuwa na nusu ya Baraza moja tu. Seneti ilikuwa ya DFL, gavana wa DFL. Mwenye nusu ya nyumba moja kati ya tatu akiondoka na kipengele kizito namna hiyo, aliyeuziana naye ana maswali ya kujibu: nini kilitolewa kwanza, nini kilikataliwa, na ni nani aliyetamka wa kwanza kwamba wahamiaji ndio watakaotoka. Waliokuwa mezani walikuwa wanne. Watatu bado wako hai, wanahojiwa, wanamsifu. Ningependa siku moja mwandishi wa St. Paul awaulize hilo badala ya kuwaomba waseme jinsi wanavyomkumbuka.